Vifaranga wa Jikoni Itumba

Gari la Itumba halijai haraka. Linasimama Mpemba, pale njia ya Ileje inapoachana na barabara kuu iendayo Tunduma, na kondakta anaita abiria huku akipanga mizigo: madumu ya mafuta ya kula, mabati, mifuko ya mbolea, godoro lililokunjwa. Juu ya yote hayo yakafungwa matenga ya kuku, matupu. "Yanakwenda kujazwa," kondakta akaniambia huku akikaza kamba. Kuku wa Ileje hushuka Tunduma, na Tunduma ni mji usioshiba. Madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, mawakala wa forodha, wasafiri wa TAZARA, wenye mabanda ya chipsi, wote wanataka kuku wa kienyeji, na kila mmoja anadai humtambua kwa kumtazama miguu tu.

Mimi nilikuwa nikienda kinyume na kuku. Muuza kuku mmoja wa Tunduma, niliyemuuliza kwa nini vifaranga wengi wa kienyeji hawafiki kuwa kuku, alinielekeza kwa shangazi yake Itumba. "Yule hapotezi," alisema. "Nenda ukaone mwenyewe. Ana majani yake."

Kutoka Mpemba hadi Isongole, mpakani na Malawi, ni kilomita 50 na kitu, siku hizi lami. Ileje ilikuwa wilaya ya Mbeya hadi 2016, ulipoundwa Mkoa wa Songwe na makao yake kuwekwa Vwawa. Itumba ndiyo makao makuu ya wilaya, jirani na Isongole: ofisi, soko, makanisa, vijana wa bodaboda waliojiinamia kwenye pikipiki zao wakingoja abiria. Huku ni Bulambya, kwa Walambya, ambao ndugu zao wengine wako ng'ambo, Chitipa. Ukiinua macho unaona milima ya Bundali, kwa Wandali, kunakotoka kahawa na ndizi, na kunakotoka pia upepo wa Juni unaopenya sweta. Mpaka wenyewe kwa sehemu kubwa ni Mto Songwe, ule unaomwaga maji Ziwa Nyasa. Upo Songwe mwingine unaokwenda Ziwa Rukwa, kwa hiyo mgeni asiulize njia kwa kutaja mto.

Nilifika kwa mama yule asubuhi, moshi ukitoka kwenye paa la jiko. Nikabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ila funga mlango nyuma yako. Nje bado kuna baridi, na hawa wakitoka siwarudishi leo."

Hawa walikuwa vifaranga. Jiko lake ni chumba cha matofali ya kuchoma kilichojitenga na nyumba, mafiga matatu katikati, kuni zimepangwa ukutani, na kwenye pembe iliyo mbali na mlango kuna tenga kubwa lililofunikwa nusu kwa kanga kuukuu. Chini ya tenga, mtetea mwekundu alikuwa amejitanua juu ya watoto wake. Wengine, wakubwa kidogo, walikuwa nje ya tenga wakichakura majivu ya pembeni na kuparura miguu yangu. Hapo ndipo wanapokaa wiki mbili za kwanza, wakati mwingine tatu kama kipupwe kimekaza. Wanalala na moto wa jioni, wanaamka na moto wa uji.

Wataalamu wa kuku husema kifaranga wa siku ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipunguzwe kama nyuzi 3 kila wiki. Mama huyu hana kipimajoto wala hakihitaji. Alinionyesha anavyosoma. Vifaranga wakirundikana na kulia kwa sauti ya juu, ni baridi. Wakikimbilia pembeni wakaachama midomo, moto umezidi. Wakitawanyika wakila huku wakinong'ona, basi mtu anaweza kwenda shamba. Nilikuwa nimekuja kutafuta majani, na saa nzima ya kwanza hakutaja jani hata moja. Alizungumzia kuni.

"Dawa ya siku ya kwanza ni moto," alisema. "Kifaranga akianguliwa ana chakula chake tumboni. Njaa haimuui kesho. Baridi inamuua usiku huu."

Ni kweli. Kifaranga huanguliwa akiwa amevuta kiini cha yai ndani ya mwili wake, na akiba hiyo humtosha siku mbili tatu. Ndiyo sababu vifaranga wa kununuliwa husafirishwa kwa maboksi kutoka kiwandani hadi mikoani bila kula. Mama huwapa kwanza maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, huwachovya midomo mmoja mmoja ili wajue maji yako wapi, na hapo tu ndipo shughuli ya majani inapoanza.

Majani yenyewe yako nyuma ya jiko. Hakuna bustani ya kupigia picha. Kuna shubiri, alovera kama wanavyoiita wengi, imejiotea kwenye ndoo iliyotoboka na kando ya ukuta. Kuna pilipili kichaa, kitunguu saumu kwenye tuta dogo lililozungushiwa matawi ya miiba kuwazuia haohao kuku, mpapai mmoja na mchicha. Mwarobaini hana, ni mti wa joto, na huku juu unakua kwa kusuasua. Akiuhitaji hununua majani makavu kwa wachuuzi wa sokoni.

Shubiri ndiyo aliyonifundisha kwa urefu, na hapo ndipo nilipoona tofauti yake na jirani zake. Wengi hukata jani, hulikatakata lote na ganda lake, hulitupa kwenye maji ya kuku, basi. Yeye hulikata jioni na kulisimamisha kwenye bakuli, kichwa chini. Usiku kucha linadondosha utomvu wa njano. Asubuhi utomvu ule anaumwaga. Kisha anamenya ganda, anachukua ute mweupe wa ndani, anaupondaponda na kuuchanganya na maji mengi. Utomvu wa njano, uliojificha chini ya ganda, ndio wenye ukali wa kuharisha. Watu wamekuwa wakiutumia kama haluli kwa karne nyingi. Kifaranga wa siku nne akinyweshwa haluli, mwenye kuku atasema ameugua, atamwongezea shubiri, na kesho atamzika.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kwa mfugaji mwingine. Alichota maji yale kwa kiganja, akayaonja.

"Nikikunja uso, naongeza maji," alisema. "Yakiwa machungu hawanywi. Wasipokunywa, dawa imefanya kazi gani?"

Chombo cha maji ni kigae cha chungu kilicholazwa chali, na ndani yake kuna jiwe ili kifaranga asizame. Hukisugua kwa majivu asubuhi na jioni, kwa sababu maji ya shubiri yakilala yanachacha na kuota utelezi. Nilimtazama akisugua na nikapata mashaka yaliyonifuata siku zote nilizokaa Itumba: sifa nyingi ambazo shubiri hupewa ni za mkono unaosugua kile kigae. Asiyetia dawa kwenye maji huyaongeza tu yakipungua. Anayetia dawa hulazimika kuyamwaga. Kwa hiyo vifaranga wa mwenye majani hunywa maji mapya mara mbili kwa siku, na mwenye majani huwaona kwa karibu mara mbili kwa siku, akajua yupi mabawa yamelegea na yupi nyuma amegandwa na kinyesi. Nilimwambia. Hakubisha wala hakukubali. Alisema, "Sasa wewe wape maji matupu uone kama utaamka kuyabadilisha."

Ugonjwa unaoogopwa jikoni humu ni kuhara damu, ambao maofisa mifugo huuita koksidiosisi. Huwashika vifaranga zaidi kuanzia wiki ya tatu, hasa mvua zikishika kasi. Na mvua za Ileje ni za msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili au zaidi. Vijidudu vyake hutoka na kinyesi vikiwa bado havina nguvu ya kuambukiza. Vinahitaji siku moja au mbili kwenye unyevu na joto ndipo viive, na kifaranga anavidonoa tena kutoka chini. Mwenye sakafu kavu anavikatiza safari kabla havijaiva. Mama hutandika maranda kutoka kwa seremala, au pumba za mpunga zikipatikana za kutoka Kyela, na sehemu ya chini ya kigae cha maji, inayolowa haraka, huibadilisha kila siku. Shubiri na kitunguu saumu wanapewa pia. Nikamuuliza, na damu ikionekana?

"Damu nikiiona siongei na majani. Namtuma mtoto dukani."

Anazungumzia duka la pembejeo, na dawa ya koksidiosisi inayouzwa huko kwa pakiti ndogo. Jibu hilo lilinipendeza kuliko yote aliyosema. Kuna wafugaji, wengi wao wa mjini na wenye simu nzuri, ambao wameugeuza ufugaji wa asili kuwa dini yenye miiko. Yeye ameufanya kazi.

Kitunguu saumu hukiponda na kukitia kwenye maji papo hapo, hakichemshi. Hajui kemia, lakini mikono yake inaijua: kile kitu kikali chenye harufu huzaliwa punje inapopondwa, na moto hukiharibu. Mbegu za papai hukausha na kusaga, huchanganya na pumba kwa ajili ya minyoo ya kuku wakubwa. Pilipili ndiyo iliyotuchekesha. Aliponda pilipili kichaa ambazo mimi nisingethubutu kuziweka kwenye maharage, akazichanganya na pumba, na vifaranga wa mwezi mmoja wakazishambulia bila kupepesa jicho. "Kuku hajui pilipili," alisema, kana kwamba ni jambo linalojulikana na kila mtu.

Sayansi ililijua kwa kuchelewa. Mwanasayansi wa Marekani David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, ndiye aliyegundua mlango ulioko kwenye neva zetu unaofunguliwa na pilipili na pia na moto, ndiyo maana pilipili hutuunguza. Mwaka 2002 yeye na mwenzake Sven-Eric Jordt walionyesha kwamba mlango huo kwa kuku upo, lakini pilipili haiufungui. Ndege hula pilipili, husambaza mbegu zake bila kuzitafuna, na mmea unafaidika. Mnyama mwenye meno anaunguzwa akae mbali. Mama hutoa pilipili kuku wakipata mafua. Lakini kabla ya pilipili huwatenga wagonjwa nyuma ya stoo, na kigae chao hakirudi jikoni. Mimi kura yangu naipa ile stoo.

Tulipotoka uani jua lilikuwa limekolea. Vifaranga wakubwa walitolewa na kufunikwa na tenga lililopinduliwa ili wapate jua na majani bila kuchukuliwa na mwewe. Ng'ambo ya ua, kwa jirani, niliona vifaranga wa rangi ya zambarau wakikimbia huku na huko. Wamepakwa dawa ya vidonda, nikaambiwa, mwewe asiwatambue. Kama mwewe anadanganyika sijamuuliza. Mtetea wao alionekana amezoea.

Kisha akaleta kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu unaokereketa pua. Pareto. Maua haya yanapenda miinuko, na wakulima wa nyanda za juu za Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa huyachuma, huyaanika na kuyauza yasindikwe kiwandani Mafinga. Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa zao hili. Mama hana shamba la pareto. Ana mdogo wake aliyeolewa mlimani, na kila msimu hufungiwa kitambaa chenye maua makavu machache ambayo hayakupanda gari la kiwandani. Anayatwanga. Unga wake huunyunyiza kwenye kiota siku chache kabla mayai hayajaanguliwa, na huusugua taratibu chini ya mabawa ya mtetea.

Adui hapa ni kiroboto. Wapo viroboto wa kuku wasiorukaruka kama wengine. Hujichomeka kwenye ngozi kuzunguka macho na kishungi na kubaki hapo wakinyonya, hata kichwa cha kifaranga kikaonekana kimemwagiwa mbegu za ulezi. Kifaranga mdogo huishiwa damu akafa, na mwenye kuku akasema ni kideri. Sumu iliyomo kwenye ua la pareto hushambulia neva za wadudu, haina makali makubwa kwa ndege, na hupotea haraka ikipigwa jua. Ndiyo maana kopo linafungwa na kuwekwa gizani, na ndiyo maana hunyunyiza jioni. Katika yote niliyoonyeshwa Itumba, hii ndiyo dawa ya asili ambayo ningeitetea mbele ya mtaalamu yeyote bila kigugumizi. Sitasema hivyo kuhusu utupa. Baadhi ya majirani hutandika majani yake kwenye viota kwa kazi hiyohiyo, na kwenye kiota hauna shida, lakini nilimsikia kijana mmoja akishauri uchemshwe na kunyweshwa kuku. Utupa ni ule unaotwangwa na kumwagwa mtoni samaki wakaelea. Mama alimtazama kijana yule kwa muda, akamuuliza kama mama yake mzazi anajua anachokisema.

Jioni moja, karibu na soko, nilikaa na wazee kwenye benchi la fundi baiskeli. Habari kwamba kuna mgeni anayeuliza habari za kuku ilikuwa imenitangulia. Mzee mmoja akanihakikishia kuwa anayo dawa ya kideri. Ya majani. Alitaja mchanganyiko mrefu, akataja kipimo cha maji, akataja saa ya kunywesha.

"Mwaka juzi kideri kilipita hapa," alisema, "mimi niliokoa."

"Uliokoa wangapi, mzee?"

"Watatu."

"Kabla walikuwa wangapi?"

Alicheka mwenyewe, na benchi zima likacheka. Walikuwa zaidi ya thelathini.

Sitaki kumkebehi mzee huyu, kwa sababu imani yake ina mantiki yake. Kideri kikiingia kwenye kuku wasiochanjwa kinaweza kumaliza karibu wote ndani ya wiki: kuhara kijani, shingo kupinda, mabawa kulegea, kifo. Wachache hupona wenyewe na kubaki na kinga. Hao wachache ndio mzee anaowatazama kila asubuhi, na kila mmoja wao alikunywa dawa yake. Waliokufa nao walikunywa, ila hawapo uani kutoa ushahidi. Hapa majani hayana la kufanya, na antibayotiki za unga wa njano zinazouzwa madukani nazo hazina. Kideri ni kirusi. Kilitambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambako kilipata jina la kitaalamu. Mwaka 1935 kilikuwa kimekwisha kuandikwa Kenya, karibu na Mombasa. Tangu hapo hakuna aliyepata tiba yake. Kuna chanjo tu.

Na chanjo inayofaa kwa kijiji ipo. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, chini ya Peter Spradbrow, kilitengeneza chanjo iitwayo I-2 inayostahimili joto kuliko zile za zamani, kikaitoa ili nchi maskini zijitengenezee zenyewe. Tanzania ilianza kuitengeneza Temeke, Dar es Salaam, kwenye maabara ya mifugo ambayo sasa iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Haina sindano. Ni tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo mzee sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi, Simiyu, kampeni ya kitaifa ya kuchanja mifugo, na kuku wa asili wakawekwa kwenye hesabu ya watakaochanjwa bure.

Kama ni tone moja tu, na halina maumivu, kwa nini watu bado wanachemsha majani kwa ajili ya kideri? Nilidhani ni bei. Nikadhani ni ushirikina. Ofisa mifugo wa huku, binti mchapakazi ambaye kila mtu humwita daktari, alinipa jibu lililoninyamazisha. Chupa moja ya chanjo inatosha mamia ya kuku. Ikishafunguliwa na kuchanganywa, haiwezi kulala sana. Mama mwenye kuku 15 akiifungua peke yake, anamwaga karibu yote. Kwa hiyo ni lazima kaya kumi, kumi na tano, zikubaliane siku moja, asubuhi moja, kabla kuku hawajafunguliwa. "Na hapa Itumba," alisema daktari, "kupata kaya kumi na tano zilizokubaliana juu ya asubuhi moja ni kazi kuliko kumkamata kuku mwenyewe."

Tangu hapo niliyaona majani kwa jicho jingine. Shubiri haimsubiri mtu. Mama anaamka, anakata, anaponda, anamaliza. Hahitaji kuelewana na jirani ambaye mbuzi wake walikula maharage ya mama Machi. Magonjwa ya jikoni, yaani baridi, kuhara, viroboto, uchafu wa maji, yanakwisha au kupungua kwa bidii ya nyumba moja. Kideri si ugonjwa wa nyumba. Kinatembea na kuku wa mchuuzi aliyeshindwa kuuza na kurudi nao, na tenga lililotoka Tunduma bila kuoshwa, na kuku wa zawadi aliyevuka Isongole kutoka kwa wajomba Chitipa akiwa amebebwa kwapani. Hakisomi mpaka. Unaweza kuwa na jiko safi kuliko yote wilayani na ukamzika mtetea wako kwa sababu ya uzembe wa ua wa tano.

Wapo wanaokataa chanjo kwa sababu nyingine: waliona kuku wakichanjwa leo na kufa wiki ijayo. Daktari haruki swali hilo. Kideri huchukua siku kadhaa, kwa kawaida tano au sita, tangu kuingia mwilini hadi kuonekana. Watu humwita yeye wakisikia kuku wa kitongoji cha pili wanakufa, na kwa siku hiyo kuku wao wengine tayari wanacho. Ndiyo maana anapigania wachanje sasa, Juni na Julai, kabla ya kiangazi kukolea. Agosti hadi Novemba ndipo kideri kinapojaza mashimo.

Na wapo, hawa ni wateja wa Mbeya na Tunduma zaidi kuliko wafugaji, wanaosema kuku akichanjwa si wa asili tena. Viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka 2007, vilivyo nyuma ya ile nembo ya Kilimohai, vinakubali chanjo pale ugonjwa unapojulikana kuwa upo. Kinachobanwa ni mazoea ya kumwaga antibayotiki kwenye maji kila kuku akipiga chafya, kisha mayai yakaenda sokoni kesho yake. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2006 antibayotiki za kukuzia mifugo, na tangu hapo viwanda vikubwa vya chakula cha kuku vinauza mchanganyiko wa vitunguu saumu, pilipili na mafuta ya mimea kwenye mifuko yenye lebo za kupendeza. Nilimwambia mama kwamba Wazungu wanauziana kile anachokiponda yeye kwa jiwe. Akauliza kwa bei gani. Sikuwa na jibu lililomridhisha.

Asubuhi ya chanjo ilipatikana, baada ya kuahirishwa kwa msiba na kisha kwa mkutano wa shule. Tulikusanyika uani kwa mama kabla jua halijatoka. Daktari alikuja na kichupa ndani ya boksi dogo, akachanganya, akaweka kifuniko cha kudondoshea. Watoto walipewa kazi ya kubeba: kuku kwapani, vifaranga ndani ya vikapu, na mmoja alileta bata, akarudishwa. Kifaranga analazwa kiganjani ubavu, jicho linatazama juu, tone linaanguka, unangoja apepese, basi. Vifaranga wa jikoni walipita wa kwanza kwa sababu walikuwa karibu, wakarudishwa kwenye joto kabla hawajajua wametolewa.

Mzee wa benchi la fundi baiskeli alikuja pia, na kuku wake wapya kwenye mfuko wa sandarusi uliotobolewa matundu. Alinitazama, akasema hajaacha majani yake, amekuja kuongezea tu. Daktari akamwambia hakuna ubaya, mzee, lete huyo wa kwanza.

Kufikia saa mbili na nusu kaya mbili zilikuwa bado hazijaonekana, na kichupa kilikuwa kimebaki na kiasi. Bibi wa ua wa juu akafika akihema, mikono mitupu, akauliza kama hayo yaliyobaki yanaweza kuwekwa chunguni hadi Alhamisi, maana jogoo wake yuko juu ya mparachichi na hataki kushuka.

"Hayafiki Alhamisi, bibi. Mwisho ni leo."

"Basi ningojeni," akasema, na kabla hajamaliza kugeuka mama alikuwa ameshawatuma vijana wawili, mmoja na ngazi, mwingine na mahindi kiganjani, wakikimbilia mparachichini huku daktari akiwapigia kelele wasimfukuzie upande wa barabarani.